Nieleze Kama Mtoto wa Kidato cha Pili

Najua nimepotea. Wengine mlidhani nimedisko, wengine mkasema bumu limetoka ndiyo maana sionekani. Hapana jamani, nipo hapa hapa Mlimani, mzima wa afya. Wiki mbili hizi nilikuwa nasomea uhandisi mitambo. Ndiyo, mimi huyu huyu wa ualimu, Kiswahili na Jiografia, niliyeagana na fizikia baada ya mtihani wa Kidato cha Nne na hatujatafutana tena tangu siku hiyo.

Ni hivi. Kuna dada mmoja nilikaa naye chumba nikiwa mwaka wa kwanza, yeye akiwa mwaka wa nne pale uhandisi. Bloku nzima tulimwita Injinia, na humu nitamwita hivyo hivyo. Alimaliza, akavaa joho, akarudi kwao Njombe kusubiri ajira. Amesubiri mwaka na nusu. Mwezi uliopita akaitwa kwenye usaili katika kiwanda kimoja cha vinywaji hapa Dar, nafasi ya mhandisi wa matengenezo. Nauli mama yake aliikopa kwenye kikundi chao cha VICOBA. Ndugu wa kumpokea mjini hana, kwa hiyo akaja kwangu. Mnaojua kubebana mnajua, kitanda kimoja futi mbili na nusu, mmoja kichwa huku mwingine kule.

Alikuja na begi la nguo na begi la madesa. La madesa lilikuwa kubwa kuliko la nguo. Alikuwa na madesa ya miaka minne yote, na mpango wake ulikuwa kuyasoma upya kuanzia la kwanza mpaka la mwisho ndani ya siku 12. Nikamuuliza, "Dada, si ulishayafaulu haya?" Akakaa kimya kidogo, kisha akanieleza kilichomtokea mwaka jana.

Mwaka jana aliitwa sehemu nyingine. Wakamuuliza kwa nini vyuma vya kubebea mzigo kwenye majengo na kreni hutengenezwa kwa umbo la herufi I. Akaandika fomula ubaoni, safi kabisa, kila herufi mahali pake. Msaili akasema, "Vizuri. Sasa niambie kwa nini." Injinia akaitazama ile fomula, na fomula ikamtazama yeye. Hakuna neno lililotoka. "Ticha," akaniambia, "nilikuwa najua. Lakini sikuwa na pa kuanzia." Alirudi Njombe siku hiyo hiyo na basi la usiku.

Hapo mimi nikaona kitu ambacho sisi wa ualimu tunaimbiwa kila siku darasani: kujua jambo ni kazi moja, kulieleza ni kazi nyingine. Nikamwambia ayafunge madesa. Nikachukua rula yangu ya plastiki, nikampa, nikasema, "Mimi ni mtoto wa Kidato cha Pili, nakaa dawati la nyuma. Nieleze."

Akacheka. Kisha akaishika rula kwa bapa, akaibonyeza, ikapinda. Akaisimamisha kwa ukingo, akabonyeza tena, haikupinda. "Unaona? Plastiki ni ile ile, kilichobadilika ni jinsi ilivyokaa." Akaendelea: chuma kikipinda chini ya mzigo, upande wa juu unabanwa na upande wa chini unavutwa, na kadiri unavyosogea katikati kazi ya kuzuia kupinda inapungua. Kwa hiyo unaweka chuma kingi juu na chini, kwenye kazi, na katikati unaacha ukuta mwembamba tu wa kushikilia pande mbili zisiachane. Matokeo ni herufi I, na umeokoa uzito na pesa. Akaongeza kwamba kwa boriti ya mstatili kama ile rula, ukiongeza kimo chake mara 2, ugumu wake wa kupinda unaongezeka mara 8. Dakika tatu hazikuisha. Mimi wa Jiografia nikaelewa! Nikamuuliza kwa nini hakuyasema haya mwaka jana. Akasema hakuna aliyewahi kumuuliza kwa Kiswahili.

Wadau, hilo neno lilinikaa. Basi tukakubaliana, siku saba za kwanza Kiswahili kitupu, kuanzia ya nane tunahamia Kiingereza, maana usaili wenyewe ungekuwa kwa Kiingereza. Kila jioni baada ya ugali maharage tunatafuta darasa lisilo na watu, yeye ubaoni, mimi dawatini na maswali ya kijinga. Kuuliza si ujinga bwana, na mimi niliuliza haswa.

Lakini msidhani mambo yalikwenda kama maji. Usiku wa nne aliwaka. Tulikuwa kwenye pampu, kwenye ugonjwa mmoja wa pampu unaoitwa kavitesheni. Alikuwa ananisomea maana kama ilivyo kwenye desa, mimi namrudisha, anasoma tena, namrudisha. Akatupa chaki. "Ticha, unanichelewesha. Mimi sikuja kufundisha shule ya kata. Mama analipa riba kila wiki kule, na mimi nimekaa hapa nacheza mwalimu na mwanafunzi." Nilinyamaza. Kweli alikuwa na haki ya kuogopa. Mimi nikikosea andalio la somo napungukiwa alama mbili, yeye akikosa hii anarudi kwa mama na deni.

Baada ya muda nikamwambia nilichokielewa, kwa lugha yangu. "Umesema presha ikishuka sana, maji yanageuka mvuke bila kupashwa moto. Si ndiyo sababu juu ya Kilimanjaro maji yanachemka mapema? Kule kileleni, mita 5,895, yanachemka kwenye nyuzi 80 hivi. Hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji." Injinia akageuka. "Rudia." Nikarudia. Akaokota chaki.

Akachora pampu na bomba lake la kuvutia maji. Pale mdomoni pampu inapovuta, presha inashuka. Bomba likiwa jembamba mno, au chujio limeziba, au tangi liko chini sana, presha inashuka mpaka maji yanachemka pale pale, ya baridi hivyo hivyo. Vinatokea vipovu vya mvuke. Vikisogea mbele kwenye presha kubwa vinapasuka kwa kishindo kidogo kidogo, maelfu kwa maelfu, na vishindo hivyo vinakula panga za ndani mpaka chuma kinakuwa na vishimo kama kimeliwa na mchwa. Ukisimama karibu unasikia kama pampu inasaga kokoto. "Kilimanjaro ndani ya bomba," akasema. Tangu usiku ule hakunigombeza tena.

Tulipohama kutoka kwenye nadharia tukaja kwenye maswali ya "ungefanya nini". Nilimwandikia mengine kutokana na alivyonieleza kuhusu kazi yenyewe. Mfano: pampu imewashwa, inanguruma, maji hayafiki. Mara ya kwanza alikimbilia kuifungua pampu. Mara ya pili alikumbuka kitu ambacho wasaili wa viwandani hukisubiri kabla ya kingine chochote, nacho ni usalama. Unazima, unakata umeme kwenye swichi yake, unapiga kufuli, unatundika kibao ili mwenzako asije akawasha huku mkono wako uko ndani. Ndipo unaanza na vitu rahisi. Valvu zimefunguliwa? Chujio limeziba? Pampu ilijazwa maji kabla ya kuwashwa au imejaa hewa? Mota inazunguka upande sahihi? Hapo nikajifunza kwamba mota ya njia tatu za umeme, fundi akibadilisha nyaya mbili tu kwa bahati mbaya, inazunguka kinyume, na pampu inatoa maji hafifu huku kila mtu anailaumu pampu. Kufungua mashine ni hatua ya mwisho.

Tukafanya na ya kukadiria, yale ambayo huna kitabu wala kikokotoo. Yeye amepita Kitonga akija, kwa hiyo nikamuuliza kwa nini madereva wanashuka ule mteremko kwa gia nzito. Akaanza kupiga hesabu kwa sauti: tuseme basi ni tani 15, tuseme limeshuka mita 100 kwa kimo, mwendo ule ule. Nishati ya kuondoa ni jouli milioni 14.7. Breki zikiibeba yote peke yake, joto hilo linatosha kuchemsha karibu lita 47 za maji kutoka nyuzi 25. Ndoo mbili kubwa na zaidi! Na hiyo ni mita 100 tu. Breki zikipata moto kupita kiasi hazishiki, ndiyo maana dereva anaiachia injini isaidie kuzuia. Nilimwambia msaili hatajali kama jibu ni 47 au 50, atajali kwamba alisikia kila "tuseme".

Halafu ikaja projekti yake ya mwaka wa nne, mashine ya kupukuchua mahindi. Nikamuuliza, "Kwa nini shafti ni milimita 25?" Akaanza hadithi ndefu ya Kiingereza. Nikambana. Mwisho akacheka, "Hesabu ilitoa 22 na ushee. Gerezani tulikuta ya 25 ndiyo ipo." Nikamwambia asilifiche jibu hilo. Akalifikiria, akasema kweli, mhandisi anapiga hesabu, kisha anapanda kwenda kipimo kinachouzwa dukani, na beringi zenyewe zipo za 25, hakuna wa kukuchongea beringi ya 22 na ushee. Kile alichokuwa anakionea aibu ndicho kilikuwa uhandisi wenyewe.

Kiingereza kilipoanza siku ya nane kilimchanganya siku moja tu. Baada ya hapo kilikaa, kwa sababu sasa alikuwa anatafsiri kitu anachokiona kichwani. Zamani alikuwa anakumbuka sentensi.

Usaili ulikuwa Jumanne. Nilikuwa na kipindi asubuhi, sikumbuki mhadhiri alisema nini. Alirudi saa tisa, akavua viatu, akakaa kitandani, akaanza kusimulia. Walikuwa watatu, wahandisi wawili na mama mmoja wa utumishi. Boriti hawakuuliza. Pampu hawakuuliza. Kitonga ndiyo kabisa. Walimuuliza kwa nini tangi la kompresa ya hewa linakutwa na maji chini wakati hakuna aliyeweka maji. Hatukuwahi kuligusa hilo. Anasema alinyamaza, akahesabu mpaka tano, akaanza na chupa ya soda ya baridi inavyotoka jasho mezani. Hewa ina unyevu. Ukiikandamiza kwenye nafasi ndogo unyevu wote unabanana humo, ikipoa ndani ya tangi haiwezi kuushika wote, unadondoka kama maji. Kwa hiyo tangi linatolewa maji mara kwa mara, na hewa inakaushwa kabla ya kufika kwenye mitambo, la sivyo kutu. Mhandisi mmoja akatikisa kichwa kukubali, akaandika kitu.

Shafti waliuliza. Akawaambia ya Gerezani, wakacheka wote. Na kuna swali la kuprogramu mitambo inayojiendesha ambalo hakulijua. Akasema hajawahi kulifanya kwa mikono yake, akaeleza anachokijua, na akasema angeanzia wapi kujifunza. Wakamuuliza pia kama amejisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na kama anaujua ule mpango wa Bodi wa mafunzo ya vitendo ya miaka 3 kwa wahitimu, ulioanza 2003. Hilo alikuwa nalo mkononi. Nyie wa mwaka wa nne, jiandaeni nalo.

Amepata? Hatujui. Walisema watapiga simu ndani ya wiki tatu. Alhamisi nimemsindikiza stendi, amerudi Njombe. Kitanda sasa ni kikubwa na sikipendi. Alipopanda basi aliniambia, "Ticha, hata wasiponiita, safari hii niliongea." Nimetamani waite tu jamani, kuongea hakulipi VICOBA.

Mimi Julai naenda mazoezi ya kufundisha. Nimekuwa nikijiuliza, ni watoto wangapi tutawakuta wanaijua fomula na hawana pa kuanzia? Injinia alifaulu miaka minne mfululizo, mitihani yote, wala hakupata sapu hata moja. Hakuwa mjinga. Hakuwahi kupewa nafasi ya kumweleza mtu asiyejua. Sisi tunaoenda kusimama mbele ya madarasa tunaweza kuwapa hiyo nafasi kila wiki, kwa chaki moja na rula moja, kwa lugha wanayoielewa kwanza.

Haya, kazi kwenu. Injinia, daktari, mwanasheria mtarajiwa, mhasibu, chagua kitu kimoja tu unachodhani unakijua, kisha usiku huu mpigie mama au shangazi umweleze kwa dakika tatu bila fomula. Ukikwama dakika ya kwanza, bado una muda kabla hawajakuita wao.

Naomba kuwasilisha. Alamsiki.