Mpakato wa Mofu

Waliobuni jina la kompyuta mpakato walilitoa mahali pazuri. Anayepakatwa ni mtoto, tena yule ambaye bado hawezi kuketi peke yake. Mwalimu mmoja mstaafu wa Mofu, katika bonde la Mto Kilombero, anaipakata yake tangu 2013. Herufi A na N zimefutika kwenye vibonye, betri haivuki nusu saa, na bawaba ya kifuniko imefungwa kwa waya. Ndani yake mna nyimbo za Wandamba alizozikusanya kwa miaka ishirini na zaidi: za kupiga kasia, za kuamia ndege mpungani, za misiba, kila moja kwa Kindamba chake, na chini yake tafsiri ya Kiswahili. Madaftari ya mwanzo yaliliwa na mchwa. Waimbaji wengi wamekwisha kuzikwa.

Mwaka 2025 mashine hiyo ilianza kumwonya. Windows 10, mfumo endeshi uliotoka 2015, ungekoma kupokea marekebisho ya usalama Oktoba 14, 2025. Windows 11, uliokuja 2021, haukuwa na nafasi kwa kikongwe huyu: unadai kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa vichakato vya Intel haurudi nyuma, kwa ujumla, kupita kizazi cha nane kilichoanza 2017. Microsoft ilitangaza muhula hadi Oktoba 13, 2026 kwa atakayejiandikisha. Muhula ni muhula tu.

Mfumo uliokoma haufi siku hiyo. Huwaka, huandika, huhifadhi. Ni kama mtumbwi ambao fundi wake amehama kijiji: unaelea vyema, ila siku ukipasuka hakuna wa kuuziba. Na tundu lenyewe, huko bondeni, halipenyezwi na intaneti peke yake. Aghalabu virusi husafiri kwa flashi, inayotoka duka la kuchapisha, ikapita shuleni, ikapita kwa mpiga picha za harusi, kisha ikarejea kwa mwenyewe imeshiba. Mwalimu aliyajua hayo, na kwa miezi kadhaa hakufanya kitu. Asimcheke mtu: nani hajawahi kuuahirisha uamuzi kwa kisingizio cha kuutafakari?

Mvua zilipokaribia alipanda pikipiki hadi Ifakara, mashine imo ndani ya mfuko wa nailoni kifuani.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa.”

Kijana fundi, aliyewahi kufundishwa naye, alimpa njia tatu. Kuubakiza mfumo wa zamani. Kuulazimisha mpya uingie kwa mlango wa nyuma, jambo linalowezekana, ingawa Microsoft haidhamini masasisho kwa mashine isiyotimiza masharti. Au kuweka Linux, ambayo haina bei na haibagui wazee.

Hilo la tatu lilimtia Mwalimu hofu. Alichelea kufungua nyimbo zake akakuta visanduku vitupu mahali pa maneno. Za zamani kabisa, zilizohamishwa kutoka kompyuta ya kabla ya hii, aliziandika kwa Jambo OpenOffice, programu ya Kiswahili iliyotolewa Desemba 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu wa Sweden. Programu hiyo haiendelezwi tena. Fundi alichukua faili moja ya 2005, akaifungua kwa LibreOffice, iliyozaliwa 2010 kutoka ukoo uleule. Ubeti ukatokea mzima, na nukta zake. Watu wa Mlimani waliokaa kuitafutia kompyuta maneno ya Kiswahili hawakushukuriwa inavyostahili. Na muundo wa faili walioutumia, kwa kuwa haukufichwa, umeishi kuliko kazi yao.

“Basi weka hiyo,” akasema Mwalimu.

“Tunakili kwanza, Mwalimu. Mengine baadaye.”

Na hapo ndipo siri ilipofichuka. Nyimbo za kasia zilipita, za mpunga zikapita. Katika za misiba unakili ukasimama. Diski, ile ya kizamani yenye sahani izungukayo, ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Fundi alijaribu mara nne. Faili moja haikutoka. Mwaka mzima Mwalimu alikuwa akishughulikia rangi ya mlango, nao mchwa wamo ndani ya nguzo. Na lau angeukubali mfumo wowote bila kunakili, pengine zingepotea nyingi.

Fundi alitia diski ya kisasa isiyo na sahani, juu yake akaweka Linux Mint. Nakala zikawa mbili, kwenye flashi mpya. Moja ikabaki Ifakara kwa binti wa Mwalimu, ndani ya kabati la vyombo.

Jioni, nyumbani Mofu, Mwalimu aliipakata mashine akajaribu kuuandika upya wimbo uliopotea. Ubeti wa kwanza ulikuja wenyewe. Wa pili ulikuja kwa kusitasita, neno moja akaliwekea alama ya kuuliza. Wa tatu haukuja. Aliacha nafasi ya mistari minne, akaandika tarehe, akazima. Asubuhi alivuka majaruba kwenda kwa mdogo wa marehemu mwimbaji, kalamu mfukoni.