Msaiprasi Unapokauka

Huku Tandala mti wa uani ukikauka, wako watu wasiokawia kumtafuta mchawi. Msaiprasi wetu ulipogeuka rangi, alinong'onwa mjane jirani yetu. Basi tukaenda kuutazama mti wenyewe.

Tuliona kwamba ukavu umeanzia ndani, karibu na shina, ukaenea tawi kwa tawi, na ncha zingali kijani. Tulipoyafunua matawi, tukakuta vidukari wa rangi ya hudhurungi wamesongamana juu ya gome wakifyonza utomvu. Majani yalinata, yakafunikwa na ukungu mweusi kama masizi.

Vidukari hawa ni wageni. Walionekana Malawi mwaka 1986, Tanzania 1988, na Kenya 1990, wakaua misaiprasi mingi sana. Katika miaka ya 1990 wataalamu walileta nyigu mdogo kutoka Ulaya, atagaye mayai yake ndani ya kidukari na kumwua.

Kwa hiyo, wazazi na walimu, wafundisheni watoto kuchunguza kabla ya kusema. Tawi lililokauka kabisa halichipui tena, likateni. Mjane yule tulimwita, tukamwonyesha vidukari mbele ya walionong'ona.