Sehemu ya 7: Mayai ya kware na kifua cha mwanangu

Leo naungama.

Mwaka 2014 mayai ya kware yalikuwa yamepamba moto Kenya. Eti yanatibu presha, sukari, pumu, kila kitu. Mimi nilikuwa nimemaliza diploma yangu ya uuguzi juzi tu, na kifungua mimba wangu alikuwa na pumu. Nilijua la kufanya, jamani. Lakini nilinunua trei nzima, nikawa nampa yai bichi kila asubuhi, na inhela yake ya kila siku nikaifungia kabatini.

Wiki ya tatu, usiku, kifua kikaanza kupiga filimbi, mbavu zinaingia ndani. Tulikimbia naye hospitali. Alipona, ila mimi sikulala siku nyingi.

Baadaye nilimpeleka Siaya kwa dani, nyanya yangu. Nilipomsimulia alishangaa. "Aluru ni mboga. Nani alikwambia ni dawa?"

Aluru ndiye kware wa porini kwa Kijaluo. Si mkaaji, huja na mvua, nyasi zikiwa ndefu na mbegu na wadudu wapo tele, kisha huhama. Wategaji huweka kware ndani ya vikapu juu ya mti mrefu waite wenzao, na chini kwenye vijia hutega nyuzi. Jike hajengi mtini. Hutaga kwenye kashimo ndani ya nyasi, hulalia peke yake wiki mbili na zaidi, na rangi yake ya majani makavu ndiyo kinga yake. Unaweza kukaribia kumkanyaga kabla hajaruka. Vifaranga wakianguliwa, hawakawii kutembea wakimfuata.

Wa kwetu hawako hivyo. Wa kwetu anangoja umbebe, na anameza chochote utakachomtilia mdomoni kwa sababu ni wewe.

Kwa hiyo: yai la kware ni chakula kizuri, lina protini na madini ya chuma. Lina kama gramu 10 tu, kwa hiyo matano ni sawa na yai moja la kuku. Lipike hadi liive kabisa. Bichi linaweza kuleta salmonela. Na usiache dawa ya mtoto bila kumuuliza daktari.

Mwanangu sasa yuko sekondari. Inhela iko mfukoni mwake, na mayai anayapenda ya kukaanga.

Tukutane sehemu ya 8.