"Uko sensitive mno!" Mdogo wangu akanikomesha

Jumapili moja tulikuwa barazani kwetu Magomeni, mimi na washikaji watatu, tunasubiri soda. Aliyetumwa dukani ni mdogo wangu wa kike. Aliporudi, chenji ikawa pungufu shilingi mia tano. Mimi, katika kutafuta kuchekesha, nikasema: "Msimlaumu jamani, huyu hesabu alipata F!" Washikaji mbavu hawana. Mwenzangu akaweka chupa chini, macho yamelowa.

Hapo sasa ndipo nilipoharibu kabisa. Nikamwambia, "Aah, na wewe uko sensitive mno bwana!"

Akaniuliza taratibu, "Kaka, hiyo kwa Kiswahili ndiyo nini?"

Msomaji, nilikwama. Mshikaji mmoja akadakia, "Nyeti!" Kicheko upya, maana sehemu nyeti unazijua mwenyewe. Ni kweli tunasema habari nyeti, nyaraka nyeti, lakini jaribu kumwita dada wa watu nyeti uone! Nikabahatisha: "Yaani mtu wa kununanuna." Akajibu, "Mimi sijanuna. Umeniumiza." Huyo, akaingia ndani.

Usiku nikafungua kamusi. Kumbe neno lenyewe asili yake ni Kilatini, sentire, yaani kuhisi. Waingereza wanalitumia kwa jino linaloshtuka maji baridi, kwa ngozi isiyotaka sabuni kali, hata kwa filamu ya kamera. Filamu ya 400 huhisi mwanga mara nne ya ile ya 100, na mpiga picha huinunua kwa sababu hiyo hiyo, apate picha kwenye kagiza. Hata mtu wanaweza kumsifu kwa neno hilo, kwamba anatambua upesi yanayowasibu wenzake. Sisi vijana wa mjini tumeng'ang'ania upande mmoja tu: unamchokoza mtu, akiumia unamtupia "sensitive", kesi inakuwa yake. Tena kwa Kiingereza, uonekane umesoma. (Na hiyo F ya hesabu hata mimi ninayo, ila yangu haitajwi barazani.)

Kesho yake nikamwomba radhi, kwa Kiswahili. "Yameisha, kaka," akasema. Jioni mwenye duka akapita na mia tano yetu, kumbe alipunja yeye. Lakini mpaka leo, washikaji wakiwepo, soda nazifuata mwenyewe.