Ubeti wa Tatu

Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Msangano, wilayani Momba. Nashuhudia juu ya wimbo ulionishinda kuumaliza.

Bonde letu hutegemea mvua ya Novemba hadi Aprili. Kiangazi tunasafisha mashamba kwa moto, kama walivyofanya baba zetu. Lakini siku hizi joto limezidi, mvua haitabiriki, na nyasi za Septemba hushika moto kama zimemwagiwa petroli. Mwaka 2019 nilichoma shamba langu la ufuta saa saba mchana, bila kufyeka njia ya kuzuia moto. Upepo ukavuma. Moto ukateketeza nyumba na ghala la mpunga la jirani yangu, mama mjane aliyeimba sauti ya pili kwaya moja nami. Nilisema moto umetoka porini. Yeye akahamia kwa mwanawe, Tunduma.

Oktoba 2020, redio ilipotangaza kwamba Mlima Kilimanjaro unaungua, mchungaji aliniomba nitunge wimbo wa kutunza uumbaji. Ubeti wa kwanza nililia mlima. Wa pili niliyalaumu mataifa makubwa kwa moshi wa viwanda vyao, na hilo ni kweli. Wa tatu ulikuwa wa waliopoteza makazi. Hapo kalamu ikagoma.

Nikafungua Zaburi ya 137, wimbo wa watu waliohamishwa mpaka Babeli, waliotundika vinubi vyao kwa uchungu. Nikamkumbuka yule mama. Kinubi chake nilikitundika mimi.

Nikapanda basi hadi Tunduma. Nilipomaliza kukiri, alinyamaza muda mrefu, akichambua mchele.

"Nilijua, Mwalimu. Niliona moshi ulikotokea. Nilikuwa nangoja useme."

Nikaomba msamaha. Hakujibu. Akaniambia nimwimbie huo wimbo. Nilipofika ubeti wa tatu aliinua mkono.

"Hapo unaposema 'wamechoma', sema 'nimechoma'. Ukiimba hivyo, nitaitikia."

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa, nikasema ukweli kabla ya kuimba. Mpunga nimeulipa kwa mavuno mawili. Nyumba tuliijenga pamoja, safari hii kwa matofali na bati, lakini mama bado anaishi Tunduma. Simlazimishi kurudi. Huja Sikukuu ya Mavuno, akasimama mahali pake, akaitikia.

Wapendwa, nilidhani wimbo ungewafundisha wengine. Ulianza kwa kunifundisha mimi. Toba inayosema "wao" haijafika kwa Mungu wala kwa jirani. Ndiyo maana kila Agosti tukishaimba ubeti wa tatu, kwaya nzima hushika mapanga na majembe, tukaenda kufyeka njia za kuzuia moto kwenye mipaka ya mashamba yetu. Tunaanza na langu.