Mvua Tuliisoma, Mto Hatukuusoma



Kila mwaka kipupwe kikielekea mwisho, pepo za kusi zikianza kulegea na miembe ikiwa imeshika maua, watu wa Kibaha na Kisarawe husafisha mashamba yao huku wakitazama juu. Swali lao ni moja: Vuli itakuwaje? Nasi walimu huulizwa kwanza, kwa kuwa ndio tusomao mbele ya watu tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa, litolewalo kabla ya mvua kuanza. Tukisema neno, watu hupima mbegu zao kwa neno hilo. Mwezi huu twapenda kunena habari za tangazo hilo na namna ya kulisoma. Nasi tutaanza kwa kosa letu wenyewe.

Mwaka 2023 tangazo lilisema ya kuwa mvua za Vuli zitapita wastani katika sehemu nyingi za nchi zipatazo mvua mara mbili kwa mwaka, na mkoa wetu wa Pwani ulikuwamo. Tulifurahi mno, kwa maana mwaka uliotangulia tuliona shida. Vuli ya 2022 ilichelewa, na mvua zake zilikuwa haba. Mto Ruvu ulipungua hata maji ya mji wa Dar es Salaam yakagawanywa kwa zamu, na mahindi yetu yalikauka kabla ya kutoa mbelewele. Basi tuliposoma habari za mvua nyingi, tulisimama mbele ya watu tukasema, "Mwaka huu pandeni, mvua ipo."

Bibi mmoja, jirani yetu upande wa Mlandizi, alikuwapo akatusikia. Alikuwa na mashamba mawili: kipande cha kichanga juu kilimani, na kipande cha udongo mweusi bondeni karibu na mto. Mbegu zake zote alizitia bondeni, kwa kuwa udongo wa huko ni mwema. Mahindi yakaota vizuri, yakafika magotini. Hata asubuhi moja, mbingu ikiwa safi na jua likiwaka, mto ukapanda kingo zake, maji yakaenea polepole bila kelele, yakalala juu ya shamba lile siku tano. Yalipoondoka palibaki matope na mabua yaliyooza.

Tulikwenda kumpa pole. Alitukaribisha kwa heshima, akatupa kigoda, kisha akasema, "Mwalimu, mvua ulitusomea. Mto hukutusomea."

Hakusema kwa hasira, na kwa sababu hiyo neno lake lilituchoma zaidi. Tulirudi nyumbani tukaliangalia tena tangazo. Mvua ilikuja kama ilivyonenwa. Wala tahadhari ya mafuriko katika mabonde haikukosekana. Ila sisi tulisoma lile lililotupendeza, tukaliacha lililobaki.

Tangu hapo tumejifunza kuwa tangazo moja lazima lisomwe mara tatu: kwa pwani, kwa bonde na kwa milima.

Tuanze na milima. Mto Ruvu hauzaliwi kwetu. Chanzo chake ni milima ya Uluguru huko Morogoro, yenye vilele vinavyopita mita 2,600. Pepo zitokazo baharini hupanda milima hiyo, hupoa, nazo huacha maji yake pale. Maji hayo husafiri mpaka bonde letu, hupita karibu na Mlandizi, kisha huingia baharini upande wa Bagamoyo. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Neno hilo ni kweli, lakini kwa mtu wa bondeni mawingu ya kutazamwa si yale yaliyo juu ya kichwa chake. Ni yale ya Uluguru, asiyoweza kuyaona. Nao wakaao mlimani wana hatari yao. Katika Vuli ile ile, mwezi wa Desemba 2023, ubavu wa mlima Hanang huko Manyara ulimomonyoka, na matope yakashuka Katesh yakaua watu wengi.

Sasa pwani. Vilima vyetu vya Kisarawe na Pugu vi karibu na bahari, na mvua yake ni ya manyunyu na ya ghafula; huweza kunyesha Kisarawe, na Kibaha vumbi likatimka. Tena tangazo la miezi mitatu haliwezi kutaja siku. Kimbunga Hidaya, kilichofika Mafia mwezi wa Mei 2024, kilijulikana kwa matangazo ya siku chache tu kabla ya kufika. Kwa hiyo asomaye tangazo la msimu asiache kusikiliza la kila siku.

Wengine huuliza, wataalamu hujuaje? Hutazama bahari. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakiwa na joto kupita desturi, na upande wa Indonesia yakiwa ya baridi, Vuli huelekea kuwa nyingi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997 na mwaka 2019. Mambo yakigeuka, mvua huelekea kupungua. Lakini angalieni, twasema "huelekea". Neno "juu ya wastani" si ahadi. Maana yake ni kwamba, ukilinganisha na miaka mingi iliyopita, yamkini mvua itakuwa nyingi kuliko kuwa chache. Anayecheza bao huyatazama mashimo yote kabla ya kutoa kete. Na mkulima afanye vivyo hivyo.

Basi shauri letu ni hili. Mbegu zisiwekwe zote mahali pamoja. Ikiwa mvua nyingi zatazamiwa, kilima kipewe sehemu kubwa ya mahindi na mihogo, na bonde lipewe mpunga kwa kiasi ambacho mtu aweza kukipoteza asife njaa. Ikiwa mvua chache zatazamiwa, bonde ndilo litakalomlisha. Wala manyunyu ya kwanza ya Oktoba yasimdanganye mtu. Na angoje udongo ulowe mpaka chini. Ghala na mbuzi vihamishwe mapema, wala si usiku maji yakiwa mlangoni.

Bibi yule alipanda tena, safari hii kilimani, kwa mbegu tulizochanga sisi na majirani. Deni letu kwake halikwisha kwa mbegu hizo. Siku hizi tukisimama na karatasi yetu mbele ya watu, yeye huketi mbele, naye hutuacha tumalize habari za Pwani. Kisha huuliza, "Na Uluguru, Mwalimu?" Nasi hatukunji karatasi mpaka tumemjibu.