Kabla ya Kuinua Pua

Ufundi niliuanzia mtaa wa Unga Limited, Arusha, nikiwa kijana wa kuosha vipuri kwa dizeli na kummulikia fundi mkuu aliyelala chini ya gari. Miaka ile ya tisini gereji ilijaa Land Rover na Land Cruiser za watalii zilizorudi kutoka Serengeti springi zimekatika. Shokapu haikuwa na heshima. Ikivuja unaifungua, unafunga nyingine yenye matundu yanayolingana, gari linaondoka.

Mambo yalianza kubadilika baada ya 1999, Toyota walipozipa Land Cruiser za familia ya 70, hizi tunazoziita mkonga, springi za koili mbele. Zile za vyuma bapa vya tabaka husuguana zenyewe kwa zenyewe, na msuguano huo hupunguza mtikisiko. Koili haina msuguano wa maana: ukiibonyeza ukaiachia, inaruka mpaka ichoke. Kazi ya kuituliza ikabaki kwa shokapu. Miaka michache baadaye Hilux nayo ikaja na koili iliyoizunguka shokapu yenyewe, na mtu aliyetaka kugusa kimoja akalazimika kufikiria vyote viwili.

Wakati huo nilikuwa nimeshafungua gereji yangu mtaa wa Sakina. Vijana wa mjini wakaanza kuleta pikapu zao: "Fundi, inua pua, ikae sawa na nyuma." Pikapu hutoka kiwandani imeinamisha pua kwa makusudi, ili ikipakiwa mkia ushuke na bodi ilale sawa. Wengi waliomba spesa tu, kile kipande cha chuma kinachokaa juu ya shokapu. Kwenye Hilux, spesa ya milimita 25 huinua bodi karibu mara mbili ya unene wake, kwa sababu shokapu haikushika mwisho wa mkono wa chini, imeshika katikati. Ni kazi ya nusu siku na bei yake ndogo. Lakini spesa imeishusha shokapu nzima. Gurudumu likizama shimoni, boljointi na sivijointi zinapinda kupita kawaida; likipanda juu, shokapu inaweza kufika mwisho kabla ya mpira wa kuzuia kugusa.

Kwenye mkonga shida ni nyingine. Koili na shokapu ziko mbalimbali, hivyo mtu huweka koili ndefu na kuacha shokapu ya zamani. Gari limeinuka kweli, ila shokapu inasimama karibu imenyooka yote. Kila shimo unasikia "ko!" mbele: ni ekseli inaning'inia kwenye shokapu.

Mteja aliyenifanya niwe na utaratibu alikuwa mama mmoja wa Umeru, mkulima na mchuuzi, mwenye Hilux.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mwanangu anasema hii gari imeinama kama inatafuta kitu. Iinue."

"Unabeba nini, mama?"

"Kabichi na viazi. Nashusha Tengeru siku za soko."

"Basi ukipakia, mkia unakaa chini. Nikiinua pua vile anavyotaka kijana, gari litatazama mbinguni. Usukani utakuwa mwepesi, na jioni taa zako zitawapiga wenzio machoni."

Alicheka, akaniambia nifanye ninavyojua. Tulipima gari likiwa na mzigo na likiwa tupu, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi. Tukainua kidogo kuliko alivyoomba kijana, kwa koili iliyo imara zaidi, na tukatafuta shokapu yenye urefu na nguvu ya kuizuia koili ile isirudi kwa kishindo. Kisha alaimenti.

Kwa magari ya safari hesabu ni tofauti. Bampa ya chuma na winchi huweza kukaribia kilo 100, zote mbele ya ekseli, siku zote. Hapo koili nzito ni halali. Ukivuka geti la Loduare la Ngorongoro kuelekea geti la Naabi la Serengeti, lami imekwisha na barabara ni mawimbi. Shokapu inafanya kazi bila kupumzika, mafuta yanachemka, yakichanganyika na hewa yanatoa povu, na povu halizuii kitu. Shokapu ya silinda moja, yenye gesi ya naitrojeni iliyotengwa na mafuta, hupoa haraka na haitoi povu kirahisi. Ila ganda lake ndilo njia ya pistoni: jiwe likilibonyeza, pistoni inakwama. Kwa anayekwenda Ziwa Natron, kwenye mawe yale ya volkano, mara nyingi nachagua ya silinda mbili, ambayo ganda la nje likibonyea kidogo bado inafanya kazi.

Leo vijana wangu hawaagizi shokapu kabla daftari halijajaa: uzito wa mbele, mzigo wa nyuma, barabara ya kila wiki, urefu wa shokapu ikiwa imenyooka na ikiwa imebanwa. Jina la kampuni linaandikwa baada ya hayo, na bei mwisho. Wapo wateja wanaochoka na maswali wakaenda gereji ya jirani kuwekewa spesa kabla ya chakula cha mchana. Siwazuii. Wa kabichi na wa watalii wananitosha.